Mbinguni Kumetokea Nini? Kutazama, Kupiga Picha na Kupambanua Maajabu ya Angani



Leo tunashika mada ambayo wengi mmeniuliza: zile picha za angani. Jua lenye pete. Mwezi mwekundu kama damu. Wingu lenye umbo la Mama Bikira Maria. Taa zinazopita usiku zimejipanga kama shanga. Picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp saa 3 asubuhi, ikifika saa 6 mchana imeshazunguka parokia nzima, na chini yake kuna maneno: "Ishara! Tubuni! Tuma kwa watu 12."

Sasa tufanyeje? Wapo wanaocheka na kupita. Wapo wanaoogopa na kutuma. Mimi nataka tujifunze njia ya tatu: kutazama vizuri, kupiga picha kwa uaminifu, na kupambanua kama Wakatoliki. Somo hili lina sayansi kidogo, falsafa kidogo na imani. Msiogope falsafa, nitaipunguza makali.

1. Neno "mbingu" lina maana mbili

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa vitu viwili. Tunasema Mungu aliumba mbingu na nchi, tukimaanisha hayo yaliyo juu yetu: anga, mawingu, jua na nyota. Halafu tunasali Baba Yetu na kusema yuko mbinguni. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza anaweza kudhani kwamba ukipanda juu sana utamkuta Mungu ameketi nyuma ya mawingu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2794) inatusaidia: tunaposema Baba yuko mbinguni hatutaji mahali wala umbali, tunataja ukuu wake na namna yake ya kuwapo. Kwa hiyo anga la juu ni kiumbe, sawa na mlima, ziwa au mbuzi. Ni kiumbe kizuri mno, lakini ni kiumbe. Kitabu cha Hekima ya Sulemani (13:1-9) kinawasikitikia watu waliovutwa na uzuri wa nyota na moto hadi wakaviita miungu, wasifike kwa yule aliyevifanya. Na Yoshua bin Sira, sura ya 43, anasifu jua, mwezi na upinde wa mvua kimoja kimoja, na kila mara anamrudia Muumba.

Basi kutazama anga ni jambo jema na la Kikristo. Kosa ni kuishia hapo kwenye anga.

2. Yale tunayoyaona mara nyingi

Kabla ya kuuliza "hii ni ishara gani?", uliza "hiki ni kitu gani?" Haya ni machache ambayo ukiyajua utayatambua mara moja.

*Pete kuzunguka jua au mwezi.* Hutokea pale mawingu membamba ya juu sana yanapotanda kama shela. Huko juu ni baridi kali, maji yameganda na kuwa chembe za barafu zenye pande sita. Mwanga ukipita ndani ya chembe hizo unapindwa, na wingi wake unatoka kwa pembe ya digrii 22 hivi. Ndiyo maana pete ina ukubwa uleule kila mahali, Mwanza au Roma. Kipimo chake unacho mkononi: nyoosha mkono mbele, tanua vidole, na shubiri yako, kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho, ni karibu sawa na umbali kutoka jua hadi pete.

*Majua mawili ya pembeni.* Jua likiwa chini, chembe hizo za barafu zikiwa zimelala bapa, unaona madoa mawili ya mwanga kulia na kushoto kwa jua. Mtu asiyejua atasema jua limekuwa matatu, na hapo hapo atataja Utatu Mtakatifu.

*Mwezi mwekundu.* Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, siku ya Dominika, mwezi ulipatwa kabisa, na sisi wa Afrika Mashariki ulikuwa juu yetu. Kuanzia kama saa 2:30 usiku ulikaa katika kivuli kizima cha dunia kwa dakika 82. Kwa nini mwekundu na si mweusi? Kwa sababu mwanga wa jua unapita pembezoni mwa dunia, ndani ya hewa yetu. Hewa inatawanya rangi ya bluu, nyekundu inapenya na kuangukia mwezini. Yaani ule wekundu ni mwanga wa machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Mimi naliona hili kuwa zuri kuliko maneno yote ya kutisha yaliyosambazwa usiku ule.

*Jua lililopatwa kipete.* Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona mwezi ukikaa katikati ya jua na kuacha pete ya moto. Mwezi siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, hivyo haukutosha kulifunika jua lote.

*Wingu kama sahani au kofia.* Upepo ukigonga mlima mrefu, kama Kilimanjaro au Meru, hewa inapanda na kushuka kama wimbi, na wingu linatulia palepale kwenye kilele cha wimbi hilo. Wengine huliita chombo cha viumbe wa sayari nyingine.

*Mstari wa taa usiku.* Ni satelaiti za Starlink, ambazo zilianza kurushwa kwa mafungu mwaka 2019. Siku chache baada ya kurushwa zinapita zimefuatana, kisha zinatawanyika.

*Nyota kali mno jioni au alfajiri.* Mara nyingi ni Zuhura, ambayo wahenga wetu waliiita Ng'andu. Si nyota, ni sayari jirani.

Wahenga walikuwa watazamaji wazuri. Walikijua kilimia, lile kundi dogo la nyota, na jina lake linatokana na kulima. Walisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Huo ni utazamaji wa miaka mingi: mtu ameangalia, ameshika kichwani, amelinganisha, amemfundisha mwanawe. Hakuna aliyejua kilimia kwa kutumiwa picha moja.

3. Namna ya kupiga picha

Kwanza macho. Vijana, msilikodolee jua. Hata kama mmeambiwa kwamba litacheza, hata kama kuna umati, hata kama mnasali Rozari. Jua linaunguza sehemu ya ndani ya jicho, na sehemu hiyo haina maumivu, hivyo hujui kama unaungua. Madaktari wa macho wamewatibu mahujaji walioumia kwa kulitazama jua wakingoja muujiza, na wengine hawakupona kabisa. Mungu haombi macho yako kama sadaka. Jua likipatwa, tumia miwani maalumu yenye kiwango cha ISO 12312-2. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, wala filamu ya eksirei.

Ukikosa miwani, simama chini ya mwembe. Kila tundu dogo kati ya majani linatupa chini picha ya jua, na wakati wa kupatwa unaona vijua vingi vilivyomegwa vimetapakaa mchangani. Piga picha hiyo ya mchanga. Ni salama na inapendeza.

Kwa pete ya jua, fanya hivi:

- Futa kioo cha kamera. Mafuta ya vidole yanauvuta mwanga mkali kuwa mistari, na mistari miwili ikikatana unapata "msalaba".
- Ficha jua nyuma ya nguzo, ukingo wa paa au mnara wa kanisa, kisha piga. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Jua likifichwa na ile alama ikabaki, alama iko angani. Ikipotea, ilikuwa ndani ya kamera yako.
- Sogeza simu polepole kushoto na kulia. Doa la kijani au la zambarau linalokimbia upande wa pili ni mwangwi wa mwanga ndani ya vioo vya kamera.
- Piga picha kadhaa, si moja. Ingiza na kitu cha chini, mti au nyumba, ili mtu ajue ukubwa.
- Andika saa, mahali, na upande ulioelekea.

Kwa mwezi na nyota: zima flashi, egemeza simu ukutani au juu ya jiwe, weka kihesabu cha sekunde 3 ili usiitikise. Mwezi ukitoka kama balbu nyeupe, gusa palipo mwezi kwenye kioo cha simu na ushushe mwanga hadi madoa yake yaonekane.

Halafu kuna amri ya nane. Usiongeze rangi, usiweke kichujio, usikate kipande kinachoonyesha ukweli, kisha ukaandika "hii ni halisi". Siku hizi akili mnemba inatengeneza Bikira Maria juu ya mawingu kwa sekunde chache. Anayesambaza picha ya uongo kwa nia njema bado anasambaza uongo. Mungu hahitaji msaada huo.

4. Padre mwenye kamera

Kuna kisa ninachokipenda. Katikati ya karne ya 19 wanasayansi walikuwa na ubishi. Jua linapopatwa kabisa, pembeni mwake huonekana ndimi nyekundu kama za moto. Je, ndimi hizo ni za jua, ni za mwezi, au ni macho yetu tu yanatudanganya?

Tarehe 18 Julai 1860 jua lilipatwa kabisa huko Hispania. Mwingereza Warren De la Rue alipeleka kamera yake Rivabellosa, kaskazini. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti kutoka Roma, alikwenda na watu wake mahali paitwapo Desierto de las Palmas, karibu na pwani ya Mediterania, mbali sana na mwenzake. Kila mmoja akapiga picha. Walipozilinganisha, ndimi zilikuwa zilezile. Watu wawili, kamera mbili, mahali pawili, ushahidi mmoja: ndimi zile ni za jua lenyewe.

Ona alichofanya padre huyu. Hakusema "niaminini, mimi ni padre". Alileta picha inayoweza kulinganishwa na ya mtu mwingine. Baadaye Secchi alizipanga nyota katika makundi kwa kuchunguza mwanga wake, na leo anahesabiwa kati ya waanzilishi wa elimu hiyo. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliipa Vatikano kituo chake cha kutazama nyota, ambacho kipo hadi leo. Na aliyependekeza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka ni padre pia, Georges Lemaître wa Ubelgiji.

5. Sababu ya kwanza na sababu za pili

Hapa ndipo falsafa inaingia. Mtu atasema: "Frateri, kumbe pete ni barafu tu? Basi Mungu hayumo."

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kutofautisha. Mungu ni sababu ya kwanza, yule anayevipa vitu vyote kuwapo na uwezo wa kutenda. Viumbe ni sababu za pili, na vinatenda kweli. Mama akikupikia ugali, ni mama aliyepika, na ni Mungu aliyekulisha. Hamgawani nusu kwa nusu, kwamba mama kapika upande huu na Mungu upande ule. Vivyo hivyo pete ya jua: ni barafu iliyopinda mwanga, na ni Mungu aliyeumba barafu, mwanga na jicho la kuiona.

Kwa hiyo neno "tu" katika "barafu tu" ndilo lenye kasoro. Ukijua namna kitu kinavyofanyika hujamfukuza Mungu. Kinyume chake, anayemwona Mungu katika yale tu yasiyoelezeka atakuwa na Mungu anayepungua kila mwaka, kadiri vitabu vya fizikia vinavyoongezeka.

Mtakatifu Augustino alishaona hatari hii alipofafanua kitabu cha Mwanzo. Anaonya kwamba ni aibu Mkristo kusema upuuzi juu ya nyota na mwendo wake mbele ya asiyeamini anayezijua. Yule akigundua kwamba tumekosea katika jambo analolijua, atatuaminije tukimweleza ufufuko wa wafu?

6. Swali la kijana mmoja

Nikiwa kwenye uchungaji katika parokia moja nilikutana na kijana wa kidato cha tano aliyeacha kuja Misa. Nilimuuliza kwa utulivu kuna nini. Akanitolea simu. Kulikuwa na picha ya jua lenye msalaba mkubwa, aliyotumiwa na mtu aliyemheshimu sana. Picha ile ilimgusa. Aliungama, akaacha ulevi, akaanza kusali kila usiku. Miezi kadhaa baadaye mwanafunzi mwenzake alichukua simu, akapaka kidole chenye mafuta kwenye kioo, akaielekeza kwenye taa ya bwenini. Ukatokea msalaba uleule.

Kijana akaniambia: "Frateri, kama ule msalaba ulikuwa mafuta ya kidole, nitajuaje kwamba Ekaristi nayo si hivyo hivyo?"

Swali hili halina mzaha. Sikumjibu kwa haraka, na nilichomjibu ni hiki. Kwanza, ulevi uliouacha uliuacha kweli. Neema ya Mungu inaweza kupita hata kwenye kioo kichafu, lakini kioo kikifutwa usidhani kilichofutwa ni neema. Pili, Ekaristi hatuiamini kwa sababu ya picha. Tunaiamini kwa neno la Kristo, lililoletwa kwetu na mashahidi waliolitoa hadharani, waliohojiwa, waliopigwa, na ambao hawakulikana hata walipouawa. Shahidi hupimwa: ni nani, aliona nini, anapata faida gani, yuko tayari kulipia nini. Mtume Petro ukimpima hivyo anasimama. Picha isiyo na jina, isiyo na saa wala mahali, ukiipima hivyo inaanguka. Mwenzako aliyepaka mafuta kwenye kioo hakuivunja imani. Aliondoa nguzo ambayo haikupaswa kuwa nguzo.

Siku hizi anakuja Misa, anakaa benchi la nyuma, anasikiliza huku amekunja mikono. Namwombea. Nawaandikia ninyi somo hili kwa sababu yake, maana aliyemtumia ile picha alimpenda, na hakujua alikuwa anamjengea nyumba juu ya mchanga.

7. Kanisa linapambanuaje?

Je, Mungu hawezi kutoa ishara angani? Anaweza. Mamajusi waliongozwa na nyota. Lakini angalia: nyota iliwafikisha kwa Mtoto, na walipomwona walimsujudia yeye, si nyota.

Injili inasimulia pia kwamba Bwana aliposulubiwa palikuwa na giza. Waandishi wa kale wa Kanisa waliona wenyewe kwamba hilo haliwezi kuwa kupatwa kwa jua kwa kawaida. Pasaka ya Wayahudi huwa mwezi mpevu, na jua hupatwa mwezi mwandamo tu. Unaona? Kuijua kanuni ya kawaida ndiko kunakokuwezesha kutambua lisilo la kawaida.

Fatima, tarehe 13 Oktoba 1917, maelfu ya watu walisema waliona jua likizunguka. Wapiga picha walikuwepo. Picha zinazojulikana zinaonyesha umati umeinua nyuso; hazionyeshi jua likicheza. Kanisa halikutegemea picha. Lilihoji mashahidi, likapima ujumbe na matunda yake, na askofu wa Leiria akatamka mwaka 1930, miaka 13 baadaye, kwamba matokeo yale yanastahili kusadikiwa. Kibeho, hapo jirani zetu Rwanda, matokeo yalianza mwaka 1981 na tamko la askofu likatoka tarehe 29 Juni 2001. Miaka 20! Sisi tunataka tamko kabla bando halijaisha.

Mwaka 2024 Vatikano ilitoa kanuni mpya za kupambanua mambo haya. Zina hukumu 6 zinazowezekana, na hata iliyo nzuri kuliko zote kwa kawaida inasema tu kwamba hakuna kizuizi cha kulipokea jambo kwa busara. Haitangazi kuwa ni muujiza. Na Katekisimu (namba 67) inasema wazi kwamba ufunuo wa binafsi, hata uliotambuliwa, hauongezi kitu kwenye amana ya imani. Kazi yake ni kutusaidia kuiishi.

Kwa hiyo ukitumiwa picha, jiulize haya manne: Nani ameipiga, lini, wapi? Kuna mwingine aliyeiona kutoka mahali pengine? Ujumbe wake unanipeleka kwenye sala, sakramenti na upendo, au kwenye hofu na pesa? Mchungaji wangu anasemaje? Jibu la kwanza likikosekana, usitume. Na lile la "usipotuma kwa watu 12 utapata balaa", hilo ni ushirikina, lifute bila kusita.

Tukumbuke pia Mathayo 16:1-4. Walimwomba Yesu ishara kutoka mbinguni. Akawaambia wanajua kusoma wekundu wa anga jioni na asubuhi, lakini nyakati hawazisomi. Hawatapewa ishara ila ile ya Yona. Ishara yetu kubwa ni kaburi tupu.

Kazi ya wiki

1. Jioni tatu mfululizo toka nje dakika 15 bila kushika simu. Tazama tu. Jioni ya nne piga picha moja, uandike saa, mahali na upande.
2. Soma Yoshua bin Sira 43. Ni kiumbe gani cha angani ambacho hujawahi kumshukuru Mungu kwa ajili yake?
3. Imani yako imeegemea nini? Kitu hicho kikiondolewa kesho, utabaki na nini?
4. Kama kuna picha uliyosambaza bila kuihakiki, rudi kundini useme hivyo. Maneno mawili yanatosha.

Sala

Ee Mungu Baba, uliyezitandaza mbingu na kuzihesabu nyota, tupe macho yanayoona na akili isiyo na uvivu. Utuepushe na uongo, hata ule unaovaa joho la ibada. Uwashike wale ambao imani yao imetikisika, uwape mwamba wa kusimamia. Nasi tukishangaa kazi za mikono yako, tusikusahau wewe uliyezifanya. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.